Saguaro kwa Mara ya Pili, Nikiwa na Chanuo Mfukoni

Mwenzangu wa kazini, aliyeanza kuishi Arizona, Marekani, miaka mingi kabla yangu, alinihakikishia kwamba kwenda Hifadhi ya Taifa ya Saguaro, yenye jina la mpungate mrefu, mmea wa miiba wa jangwani, hakuhitaji mpango wowote: "Jangwa ni jangwa, nenda tu." Nikamwamini, nikampakia garini mama mdogo, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kunitembelea, tukaondoka Phoenix saa nne asubuhi ya mwezi wa Juni, tumejipamba kama waendao harusini.

Ambalo hakunieleza ni kwamba hifadhi ile ina vipande viwili, kimoja magharibi na kingine mashariki ya mji wa Tucson, na mji wote umelala katikati. Jamaa tulioahidiana nao walitusubiri mashariki, sisi tukiwa magharibi, na kwa muda mrefu kila upande uliapa simuni kwamba umefika na kwamba ni mwenzake aliyepotea, hadi mmoja wao alipotaja barabara ya lami inayozunguka, ilhali mimi nilikuwa nimesimama kwenye vumbi tupu. Kutoka kipande hiki hadi kile ni mwendo wa karibu saa nzima. Tulipokutana, joto lilikuwa limepita nyuzi 40, maji yameisha, na maua niliyomsifia mama mdogo njia nzima yalikuwa yamesinyaa, kwa sababu ua la saguaro huchanua usiku na kufumba mchana wa siku ya pili.

Mama mdogo alipokuja tena, nilichagua katikati ya Mei, tukalala Tucson, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa upande wa magharibi, kila mtu na maji yake, maana njiani hakuna bomba. Maua meupe yalikuwa wazi, nyuki wamejazana ndani. Nilimweleza kwamba mpungate huo ukiwa na miaka kumi huenda haujafikia hata urefu wa kidole, na kwamba mkono wa kwanza huota baada ya miaka 50 hadi 100. Akautazama mmoja wenye mikono mitano, akauamkia shikamoo.

Tatizo halikutoka kwa saguaro, bali kwa cholla, mpungate mfupi unaong'aa kama wenye manyoya, ambao watu husema huruka. Nilikuwa nimemaliza tu kumhakikishia kwamba hauruki, ndipo kipande chake kikamganda kwenye kifundo cha mguu. "Haya mwanangu, huyu amekuja kwa miguu?" Kosa la wengi ni kukivuta kwa vidole, kwani miiba ina vijino vinavyoelekea nyuma, na mkono nao hunaswa. Niliomba chanuo lake la nywele, nikaingiza meno yake marefu kati ya ngozi na kile kipande, nikakifyatua kwa mara moja upande usio na watu, kisha miiba iliyosalia nikaing'oa kwa kibano. Kitana chembamba ningekivunja.

Tulikuwa tumelipa dola 25 kwa gari, malipo yanayotosha siku saba na vipande vyote viwili; chakula na malazi sikuyahesabu, pengine dola mia mbili na ushei. Kesho yake, kwa stakabadhi ileile, tukaenda mashariki kuizunguka barabara ya lami, kilomita 13 hivi. Jamaa zetu wakapiga simu kuuliza tuko wapi: safari hii wao walikuwa magharibi.