Siku Kimea Kilipoingia Maabarani

Mwaka 1984 nilikuwa nasomea Shahada ya Elimu katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta, pale Kahawa, nje kidogo ya Nairobi, na somo langu lilikuwa sayansi kimu, yaani elimu ya lishe, mapishi na matunzo ya nyumba. Chuo kilikuwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kilikuwa kimekaa katika iliyokuwa Templer Barracks, kambi ya jeshi la Waingereza waliyoikabidhi serikali ya Kenya mwaka 1965. Wanafunzi wa kwanza wa shahada ya elimu, kama 200 hivi, waliingia mwaka 1972, na miaka sita baadaye Kitivo chote cha Elimu kikahamishiwa huko kutoka mjini. Sisi tulikuwa tumerudi darasani baada ya kukaa nyumbani kwa muda mrefu kufuatia jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, na kila mtu alisoma kama anayekimbizwa.

Somo letu halikuheshimiwa na wote. Bwenini niliwahi kuulizwa kama kweli serikali inalipia digrii ya kupika. Swali lile liliniuma, lakini nilijua lilikotoka. Sayansi kimu ilifika Kenya ikiwa ufundi wa mke mwema. Ilipitia shule za misheni, ikapitia Jeanes School ya Kabete ambako wake za walimu walifunzwa usafi na ushonaji, ikaingia katika vikundi vya Maendeleo ya Wanawake tangu mwaka 1952. Kulikuwa na mema mengi humo, na mama yangu mwenyewe alijifunza kushona katika kikundi cha aina hiyo. Lakini vitabu tulivyovikuta kwenye rafu bado vilipima moto kwa nyuzi za tanuri la umeme na kumshauri mama amlishe mtoto shayiri na maziwa. Tulisoma kemia ya protini asubuhi, na mchana tukaandaa meza ya chai ya Kiingereza. Vitu hivyo viwili havikuzungumza.

Mwalimu wetu wa lishe ndiye aliyetaka vizungumze. Mwaka ule mvua za masika zilikuwa zimegoma, maduka yakajaa unga wa mahindi ya njano kutoka nje, na yeye akaamua kuwa zoezi letu la vitendo halitafanyika jikoni mwa chuo. Alitupeleka Kiwanja, ng'ambo ya barabara, tukiwa na mizani ya kuning'inia na tepe za kupima unene wa mkono wa mtoto, zile zenye nyekundu, njano na kijani. Kazi yetu ilikuwa kupima watoto wa chini ya miaka mitatu na kuuliza walikula nini jana.

Majibu yalifanana nyumba hadi nyumba. Watu wazima walikula ugali na sukuma. Mtoto alikunywa uji, na uji wenyewe ulikuwa maji yaliyotiwa rangi. Tulikuwa tumefundishwa la kusema: mama, ongeza unga, uji uwe mzito. Nililisema neno hilo kwa bidii mbele ya mlango wa mama mmoja aliyekuwa akiuza uji kwa vibarua, mwenyeji wa upande wa Busia, akiwa amempakata mjukuu wa miezi kama kumi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole:

"Mwanangu, huo ni ugali. Mtoto huyu ana meno mawili. Atautafuna na nini?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kwamba kwao, uji wa mtoto ulipikwa mzito kweli, halafu ukatiwa kimea kidogo, yaani unga wa nafaka iliyochipuzwa, ukalegea wenyewe. "Lakini hapa mjini nani atanipa nafasi ya kuanika kimea? Askari wataniona natayarisha pombe ya busaa."

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimwamkia upya yule mama, akaketi kwenye kigoda, akaanza kuuliza. Nafaka gani? Siku ngapi? Unatia uji ukiwa motoni au umeepuliwa? Sijamwona msomi akiuliza maswali kwa adabu kama ile. Mwisho akasema, "Mama, utakubali kuja kutufundisha? Mimi na hawa wanangu."

Alikuja wiki iliyofuata, amevaa kitambaa kipya kichwani, na unga wa kimea ameufunga kwenye leso. Alikuwa ameloweka wimbi usiku kucha, akalitandaza juu ya gunia lenye unyevu na kulifunika. Siku ya tatu, vichipukizi vilipofikia urefu wa punje yenyewe au zaidi kidogo, alilianika juani, akalipikicha mikononi hadi vichipukizi vikadondoka, akapepeta na kusaga. Mwalimu alimwomba aeleze kwa nini wimbi na si mtama. Akasema mtama uliochipua huwa mchungu na wazee waliuogopa. Hapo mwalimu aligeuka akatuandikia ubaoni jina la ile hofu ya wazee: chipukizi la mtama hubeba kitu kinachotoa sianidi, na ndiyo maana lazima liondolewe kabla ya kusaga. Nilinakili maneno ya wote wawili kwenye ukurasa mmoja.

Kisha tukapika. Sufuria ya kwanza ilitiwa gramu 50 za unga wa mahindi katika nusu lita ya maji. Ulikuwa uji wa kawaida wa mtoto, unaonyweka, ingawa wengi tuliowatembelea hawakufikia hata kipimo hicho. Sufuria ya pili ilitiwa gramu 100 katika maji yale yale, ukaiva hadi mwiko ukasimama. Yule mama akatuzuia tusitie kimea. Aliiepua sufuria, akasubiri. Mvuke ulipopungua na utando mwembamba ukaanza kujikunja juu ya uji, akasema, "Sasa." Mwenzangu alichovya kipimajoto: nyuzi 65. Mwalimu alicheka kwa furaha, maana juu ya hapo kimeng'enya, kile kitu ndani ya kimea kinachokatakata wanga, kinaungua na kufa, na chini sana kinafanya kazi kwa uvivu. Ili tuione tofauti, alichota uji mwingine mzito, akautia kimea ukiwa bado unatokota. Huo ulibaki vile vile.

Lakini ule wa pili! Yule mama alitia kijiko kimoja cha mezani, akakoroga polepole. Kwa dakika moja hivi hakukuwa na kitu. Halafu mwiko ukaanza kuinama, ukalala kabisa ukingoni, na kabla ya dakika kumi kupita uji uliokuwa kama ugali ulikuwa ukimiminika kutoka kwenye upawa bila kukatika. Hatukuongeza hata tone la maji. Darasa zima lilikuwa limezunguka meza ile, wengine wamepanda juu ya viti. Tulionja: ulikuwa mtamu kidogo, kwa sababu wanga uliokuwa umefumana na kushika maji ulikuwa umekatwakatwa vipande vifupi, vingine vikawa sukari. Mwalimu aliurudisha motoni uchemke tena kidogo, kuua vijidudu vilivyotoka kwenye gunia na kwenye mikono yetu.

Baadaye tukapiga hesabu. Tumbo la mtoto wa kilo nane hubeba kama robo lita kwa mlo mmoja, na kwa makadirio ya wakati ule mtoto huyo alihitaji karibu kalori 100 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Kikombe cha uji wa kwanza kilimpa kama kalori 80. Kikombe cha uji wa kimea kilimpa karibu mara mbili, na anaunywa bila kutafuna. Nakumbuka nilivyoitazama tarakimu ile. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba watoto wale hawapewi chakula. Kumbe wengine walipewa hadi wakashiba, na tumbo likajaa maji.

Mwenzetu mmoja kutoka Ukambani aliinua mkono akasema jambo ambalo hadi leo naliheshimu. "Mwalimu, kimea hakizai unga. Kwetu mwaka huu unga wenyewe hauko." Chumba kilitulia. Mwalimu hakumpuuza. Alisema ni kweli, na yeyote atakayekwenda kuhubiri kimea mahali penye njaa atakuwa amemtukana mama. Lakini akatutaka tufungue madaftari yetu ya Kiwanja tuhesabu ni nyumba ngapi zilipika ugali usiku ule ule mtoto alipolala na uji wa maji. Zilikuwa nyingi. Hapo palikuwa na unga, na mtoto hakuufikia. Yule yule mwenzetu akauliza tena kuhusu ukungu, maana watu walikuwa wamekufa Machakos mwaka 1981 kwa mahindi yenye sumukuvu, na gunia lenye unyevu ni mahali pazuri pa kuvu. Basi tukaweka sharti: kimea chenye ukungu au harufu ya uvundo hutupwa, hakioshwi. Yule mama alitikisa kichwa kukubali, akasema hata kwa busaa hakitumiki.

Kwangu mimi, sayansi kimu ilipata haki ya kuwa chuo kikuu alasiri ile. Najua kazi ya idara ilianza kabla yetu na kuendelea baada yetu, na walioandika mitaala wana hesabu yao. Ila niliona kwa macho mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga chuo akisimama mbele ya ubao, msomi akishika daftari, na kipimajoto kikithibitisha kile ambacho jicho lake lilikuwa limekijua siku zote. Nchini Tanzania nako, nilikuja kusoma baadaye, watafiti wa lishe walikuwa wakikifanyia kimea kazi hiyo hiyo miaka ile.

Mwaka 1985 mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 ulianza, sayansi kimu ikafundishwa na kutahiniwa shule za msingi kwa wasichana na wavulana pia, na walimu wakatafutwa kila pembe. Mwaka huo huo chuo chetu kikawa chuo kikuu kamili. Mimi nilipelekwa shule ya wasichana upande wa magharibi. Nilipowaanikisha wanafunzi wimbi nyuma ya bweni, habari zilifika vijijini kabla ya wimbi kukauka, na katika mkutano wa wazazi mzee mmoja alisimama akauliza kama binti yake ameletwa kusoma au kujifunza kupika pombe.

Sikujibu kwa maneno. Wasichana walileta sufuria mbili, wakapika mbele ya wazazi, wakangoja utando ujikunje, wakatia kijiko kimoja, wakakoroga. Mzee alipewa kikombe cha kwanza. Alikunywa, akarudisha kikombe kiongezwe. Lakini walionifurahisha zaidi ni akina mama waliokuwa wamesogea mbele. Mmoja alitaka kujua aanze na mtoto wa miezi mingapi. Mwingine alikuwa na wimbi la mavuno ya mwaka uliopita, na akauliza kama litaota. Nilimwambia aloweke kiganja kimoja kwanza, alitazame siku tatu, asiloweke debe zima kabla ya kuona.