Siku moja na injini ya ioni

Saa moja asubuhi. Kabla sijavua koti nasoma daftari la zamu ya usiku. Injini, ya aina inayosukuma vyombo vya angani, imekesha maabarani ikijaribiwa, imejizima mara mbili na kujiwasha yenyewe. Mbili si neno. Zingekuwa ishirini ningeanza kuhangaika.

Saa mbili. Nachungulia kidirisha cha tangi la ombwe, lililonyonywa hewa ili liwe kama anga za juu. Mwanga wa samawati umetulia, nami bado nauonea fahari kama siku ya kwanza. Mle ndani atomi za gesi ya zenoni zinapokonywa elektroni na kuwa ioni, kisha nyavu mbili zenye tofauti ya zaidi ya volti 1,000 zinazirusha nje kwa takriban kilomita 30 kwa sekunde. Pembeni kifaa kidogo kinamwaga elektroni kwenye mkondo huo. Bila hicho, chombo kingejaa chaji hasi na kuzivuta ioni zirudi.

Saa tatu. Msukumo: milinewtoni 90. Laza karatasi mbili za kuandikia kiganjani, ndiyo hiyo nguvu. Lakini haikomi. Chombo cha Marekani, Dawn, kiliruka mwaka 2007 na injini za namna hii, kikaizunguka asteroidi Vesta, mwamba mkubwa unaolizunguka jua, kuanzia 2011, kikaondoka na kwenda kuizunguka sayari kibete Ceres mwaka 2015. Safari nzima kilitegemea tangi la kilo 425 za zenoni. Kwa fueli ya kuwaka, mzigo wa fueli usingebebeka.

Saa tano. Hapa ndipo kazi yangu hasa ilipo: kupiga picha wavu wa pili na kupima matundu yake. Ioni iliyo mbioni hukutana na atomi iliyozubaa na kuinyang'anya elektroni. Ile iliyonyang'anywa sasa ni ioni ya mwendo mdogo, haiwezi kutoka na wenzake, inajipiga kwenye wavu na kuumega. Tundu la katikati limepanuka tena kidogo. Napima mara tatu, maana namba hii ndiyo itakayosema injini itaishi miaka mingapi. Injini ya akiba ya chombo cha Marekani, Deep Space 1, ilijaribiwa hivi kuanzia 1998 hadi 2003, saa 30,352.

Saa saba, chakula, upesi.

Saa tisa. Injini inajizima. Inawaka, inajizima tena. Mara saba ndani ya dakika kumi! Yaelekea gamba jembamba la kaboni limebanduka ukutani mwa tangi na kukwama kati ya nyavu, umeme unapita njia ya mkato. Hapa naweza kufungua tangi, ila huko kwenye asteroidi hakuna mkono wa kufungua. Kwa hiyo nafanya kile ambacho chombo kingeweza kufanya chenyewe: napitisha mkondo mkubwa wa umeme ili gamba liungue. Jaribio la pili, mwanga unarudi.

Nikingoja utulie nakumbuka Hayabusa, chombo cha Japani. Novemba 2009, ikirudi kutoka asteroidi Itokawa, injini zilikuwa zimechoka. Wahandisi wakaunganisha sehemu iliyokuwa bado nzima ya injini moja na sehemu iliyokuwa bado nzima ya nyingine, kwa kuwa kuna aliyeweka kiungo hicho cha umeme kabla ya kuruka. Juni 2010 ikarejesha vumbi la asteroidi duniani.

Saa kumi na moja. Nampa mwenzangu wa zamu daftari, namwonyesha zile mara saba. Anauliza, "Tundu la katikati?" Namwambia limepanuka. Anavuta kiti karibu na kidirisha.