Ungeacha hata mmoja

Jana jioni nilisahau kabichi jikoni. Harufu ilipofika sebuleni sikukimbilia sufuria. Nilisimama palepale, nikajikuta Kibosho, mlimani Kilimanjaro, nyuma ya jiko la Mama, mwaka ule wa nili, ile rangi ya bluu.

Mbegu za mmea wa rangi hiyo nilipewa na mgeni aliyetoka Toulouse, Ufaransa, mji ambao wafanyabiashara wake walitajirika kwa mmea huu kabla nili ya India haijaingia sokoni kwa wingi. Kitaalamu unaitwa Isatis tinctoria, wa ukoo mmoja na kabichi. Mama alinipa tuta lake la figili, kando ya mfereji, bila kuuliza faida. Masika yakapita, majani yakanenepa, majirani wakaja kuomba mboga.

Siku ya kuchuma tulijaza sinia mbili. Tukayaloweka majani kwenye maji ya moto yasiyochemka, dakika kumi hivi, tukayapooza haraka, tukachuja. Harufu ni ileile ya jana. Tukatia magadi, yaleyale ya kupikia makande, kisha tukamimina ndoo hadi ndoo mpaka mabega yakauma na povu likawa bluu. Asubuhi chini ya ndoo palikuwa na tope la rangi, halikuzidi vijiko viwili.

Nili haiyeyuki kwenye maji hivihivi. Ili ishike kwenye uzi, lazima kwanza igeuzwe iweze kuyeyuka, ndani ya maji yaliyonyang'anywa oksijeni. Kazi hiyo hufanywa na sukari ya tunda pamoja na chokaa, nasi ndizi mbivu hazikutupungukia. Tulizichemsha, tukachanganya, tukaiacha sufuria kando ya mafiga siku mbili. Maji yakageuka njano yenye ukijani, juu yake utando unang'aa kama shaba.

Mama akafungua kitambaa chake cha kichwa, kile cheupe cha pamba, akakizamisha mwenyewe. Nilimwomba tutafute kingine. Hakunijibu.

Alipokitoa kilikuwa cha kijani kibichi, kama jani la mgomba lisilokunjuka. Nikaona uso wake umeingiwa na huzuni, amedhani kimeharibika. Kisha pindo likaanza. Bluu ilitokea kwenye ncha iliyotangulia kupata hewa, ikapanda taratibu, ikameza kijani chote, huku kwenye mikunjo kukibaki mistari myembamba iliyochelewa. Mama akaifungua mikunjo mmoja mmoja kwa kidole, na kila alipofungua, rangi ilimfuata kidole. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye khanga yake na hakujali.

"Kumbe nili hulimwa," akasema. Miaka yote ya kusuuzia mashati ya Baba alijua nili ni kitu cha dukani tu.

Wiki hiyohiyo niling'oa mimea yote kabla haijatoa maua. Nilikuwa nimesoma kwamba huko Utah, Marekani, umegeuka gugu linalovamia malisho, nami sikutaka kuwaletea watu wa mlimani balaa la aina hiyo. Mama aliniangalia nikirundika mizizi. "Ungeacha hata mmoja, mwanangu."

Hadi leo naamini nilikuwa na sababu. Lakini kitambaa ninacho mimi sasa, na jana binti yangu alikiona kabatini, akaniuliza mbegu ziko wapi. Nikarudi jikoni kuangalia kabichi.