Jinsi tulivyochagua luau ya Hawaii na kuifikia tukiwa safarini kwa meli

Mimi na mke wangu tulipoamua kumpeleka mama yangu kuviona visiwa vya Hawaii kwa meli ya watalii, jambo la kwanza alilolitaja lilikuwa luau, ile karamu ya jioni ya Wahawaii yenye chakula kilichopikwa shimoni na ngoma ya hula. Nilidhani kazi yangu ingekuwa kulinganisha picha na bei, na kwa siku kadhaa nilifanya hivyo tu. Nilipoiweka ratiba ya meli mezani ndipo nilipoona kwamba nimeanza mwisho. Swali la kwanza kwa abiria wa meli ni moja tu, nalo ni meli inalala bandari gani.

Tulisafiri na Pride of America, ambayo huanza na kumaliza safari yake ya siku saba Honolulu bila kutoka Marekani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 haiziruhusu meli zenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria baina ya bandari za nchi hiyo peke yake, na ndiyo sababu meli nyingi zinazokwenda Hawaii kutoka California hupitia Ensenada, Mexico. Pride of America ina bendera ya Marekani, kwa hiyo haihitaji kupita huko, na kwa familia kama yetu, ambayo kila mmoja ana hati zake za kusafiria na masharti yake, hilo lilituondolea mashaka mengi.

Luau karibu zote huanza mnamo saa kumi na moja jioni na kumalizika baada ya saa mbili usiku. Meli yetu iliondoka Honolulu jioni ya Jumamosi, siku ileile tuliyopanda. Katika bandari za Hilo na Kona ilikaa mchana tu, na Kona abiria hushushwa kwa mashua ndogo, kwa hiyo huwezi kurudi saa unayotaka. Ililala usiku kucha mahali pawili pekee: Kahului katika kisiwa cha Maui, na Nawiliwili katika kisiwa cha Kauai. Karamu zote nzuri nilizokuwa nimeziwekea alama za visiwa vingine zikaanguka hapo hapo, hata ile ya Kona iliyokuwa imenivutia kuliko zote.

Maui niliifikiria kwa muda mrefu, kwa sababu luau ya Lahaina ina sifa ya kushikamana na mila za Wahawaii, na baada ya moto wa Agosti 2023 ulioteketeza sehemu kubwa ya mji huo nilitamani fedha zetu ziwafikie watu wa pale. Lakini kutoka Kahului hadi Lahaina ni kilomita kama 40 kwa barabara inayopita ukingoni mwa bahari na mlima, na ajali moja tu yaweza kuwazuia watu humo kwa saa nzima. Mama ana miaka 71 na magoti yake hayavumilii kukaa garini muda mrefu. Wailea ni karibu zaidi, ila Maui ilikuwa bandari yetu ya kwanza, na sisi tulikuwa bado na uchovu wa ndege. Nikaamua kuwa luau yetu itakuwa Kauai, Alhamisi usiku, wakati ambapo meli isingeondoka hadi Ijumaa mchana.

Kauai nako nilikuwa na mbili mbele yangu. Moja ni ya familia ya Smith huko Wailua, kilomita kama 12 kutoka bandarini, yenye bustani kubwa ambamo wageni hutembezwa kabla ya kula. Ya pili ni Luau Kalamaku, iliyoko Kilohana, nyumba ya mwenye shamba la miwa iliyojengwa mwaka 1935, kilomita chache tu kutoka meli ilipotia nanga. Bustani ya Wailua ilinivuta sana, na familia isiyo na mzee naishauri ipime zote mbili. Kwetu sisi ukaribu ulikuwa na uzito, na Kalamaku ilikuwa na jambo jingine lililonikata shauri: watu hukaa chini ya paa, wakilizunguka jukwaa lililo katikati. Mlima Waialeale wa Kauai ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi duniani, nami sikutaka kumwona mama akinyeshewa huku akitafuta pa kujikinga gizani.

Likabaki la chakula. Nilipomwonyesha mama picha za imu, lile shimo la mawe ya moto ambamo nguruwe mzima hufukiwa kwa majani na migomba, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, mimi nitakula nini huko?" Niliwaandikia wenye luau kabla sijalipa hata senti. Nilitaka kujua vyakula gani havina nguruwe kabisa, kama vinawekwa kando, na kama kila sinia lina kijiko chake. Jibu lilikuja wazi, na ndilo lililonifanya ninunue tiketi kwao moja kwa moja badala ya kuchukua ile safari iliyouzwa ndani ya meli. Anayekula halali na azingatie haya: laulau, kifurushi cha majani kinachopikwa kwa mvuke, mara nyingi huwa na nguruwe ndani ingawa hakionekani, kuku na ng'ombe hawakuchinjwa kwa utaratibu wetu, na bei ya tiketi kwa kawaida hujumuisha pombe, ambayo ni haki yako kuikataa na kuomba maji ya matunda. Sisi tulikula samaki, wali, viazi vitamu na poi, na tulishiba.

Niseme zaidi kuhusu poi, kwa kuwa hapo ndipo mama alipojisikia yuko nyumbani. Poi ni majimbi, au magimbi kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, yaliyopikwa yakapondwa na maji hadi kuwa uji mzito wa rangi ya zambarau, wenye uchachu kidogo. Neno luau lenyewe kwa Kihawaii ni majani ya mmea huohuo, yanayopikwa kwa tui la nazi, nalo baadaye likawa jina la karamu nzima. Kwa kumalizia waliandaa haupia, tui zito lililogandishwa na kukatwa vipande vya mraba. Mama aliomba cha pili. Nilimweleza kwamba hadi mwaka 1819 wanawake wa Hawaii walikatazwa kula nazi, nguruwe na aina nyingi za ndizi, wala hawakuruhusiwa kula pamoja na wanaume, mpaka mfalme Liholiho alipoketi na kula na wanawake hadharani na mwiko ule ukavunjika. "Mwanamke akatazwe nazi!" alisema, na kwa muda mrefu hakuacha kulitafakari jambo hilo.

Kufika nusura kutuharibikie. Nilikuwa nimeagiza teksi kwa simu siku mbili kabla, ije langoni mwa bandari saa kumi alasiri. Saa kumi na nusu haikuwa imefika, na nilipopiga simu hakuna aliyepokea. Kutembea umbali huo kandokando ya barabara kuu hakukuwezekana kwa mama. Dereva mmoja mzee aliyekuwa akingoja abiria wake alituona, akamwita mwenzake, na katika dakika kumi tulikuwa njiani. Kabla ya kushuka nilikubaliana naye nauli ya kurudi na saa ya kutuchukua, nikaandika namba ya gari lake. Ningeanza upya, ningeyapanga haya yote mawili mapema, kwenda na kurudi, na ningekuwa na namba ya dereva wa pili mfukoni. Anayetaka kuepuka wasiwasi huu kabisa na alipe ile nyongeza ya safari ya meli, kwa maana basi huwangoja pale gatini.

Onyesho lilisimulia safari ya kale ya mitumbwi kutoka Tahiti hadi Hawaii, kwa hiyo ngoma za Kitahiti zenye mwendo wa kasi wa kiuno zilikuwa na mahali pake. Ule mchezo wa visu vya moto unaowafanya watu wasimame ni wa Wasamoa, si wa Wahawaii. Kwangu uzuri ulikuwa katika hula, ambayo Kaahumanu, malkia aliyebadili dini akawa Mkristo, aliipiga marufuku mwaka 1830, na mfalme Kalakaua akairudisha hadharani katika sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883. Nilipokuwa nikitazama mikono ya wale wasichana ikieleza mvua na mawimbi, sikuhitaji tafsiri.

Dereva alikuwa pale saa mbili na robo, kama alivyoahidi. Langoni mlinzi aliomba kadi za meli pamoja na vitambulisho vyenye picha, na wawili waliokuwa mbele yetu walirudishwa kando kwa kuwa walikuwa na kadi peke yake. Pasipoti ya mama ilikuwa katika mkoba wangu. Tulipanda, tukazikusanya Magharibi na Isha kama alivyoruhusiwa msafiri, na mama akalala akiwa bado amevaa shada la maua shingoni.