Siku Niliyoongozwa Chini ya Mwamba

Yule kijana wa kutuongoza majini aliuinua kwa mkono mmoja mkanda wangu wa kuzamia, wenye vipande vya madini ya risasi vya kumsaidia mtu ashuke, akaupima kwa macho, akachomoa vipande viwili na kuvirusha kwenye ndoo. Hakuniuliza. Nikamwachia bila kusema neno, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo nimewafanyia wageni ninaowaongoza kuzamia miaka nenda miaka rudi pale Nungwi, Unguja: mtu anashuka garini na hesabu zake alizofundishwa kwao, wewe unamtazama tumbo tu, unampunguzia au unamwongezea. Safari hii mgeni alikuwa mimi.

Ilikuwa mwaka 2019, msituni kaskazini ya mji wa Tulum, jimbo la Quintana Roo, Mexico. Mume wa dada yangu anaishi Houston, na tangu apate cheti chake cha kuzamia alikuwa hanipi nafasi kwenye simu. "Shemeji, wewe unaijua bahari tu. Njoo uone watu wanavyozamia kwenye maji matamu." Nikamwambia maji matamu ni ya kunywa. Lakini tiketi alikata yeye, na mimi si mtu wa kugombana na tiketi iliyokwisha kulipiwa.

Habari ya risasi nilikuwa naijua kitabuni, sikupata kuihitaji kazini. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji matamu kwa kiasi cha asilimia mbili na nusu, kwa hiyo mtu ambaye yeye na vyombo vyake vyote ni kilo 100 inabidi apunguze risasi kilo mbili na ushei. Ukishuka na mkanda wako wa baharini, unakwenda moja kwa moja hadi kwenye tope la chini. Na tope, kama tulivyokuja kuambiwa, ndilo adui wa kwanza mle.

Pahala penyewe panaitwa Dos Ojos. Ni mashimo mawili yaliyo jirani, kila moja limetokea pale dari la pango lilipoporomoka. Wenyeji huliita shimo la namna hiyo cenote. Rasi nzima ya Yucatán ni jiwe la chokaa, na mvua inayopenya kwenye udongo hulila jiwe hilo taratibu, hivyo upande wa kaskazini wa rasi huoni mto juu ya ardhi. Mito yote inapita chini. Tulipokuwa tunavaa suti zetu nyuma ya gari, kijana alitwambia kwamba Januari 2018 wazamiaji waligundua njia inayoliunganisha pango la Dos Ojos na jingine kubwa zaidi, Sac Actun, na kwa pamoja yakafika kilomita 347 za njia zilizojaa maji. Shemeji akapiga mluzi. Mimi nilikuwa naitazama miti. Ilikuwa miti mifupi ya kawaida iliyoota juu ya mawe makali, na kama si kile kibao cha njia ungedhani uko kwenye uwanda wa Makunduchi.

Kusema kweli hilo ndilo lililonituliza moyo. Mimi ni mtoto wa kusini mwa Unguja, upande wa maweni, ambako mito hatuna. Bibi yangu alichota maji pangoni. Watoto tulishuka naye mpaka pale mwanga unapoishia, si hatua moja zaidi, maana mbele yake kulikuwa na wenyewe, na wenyewe hawapendi kelele. Na kila mtu wa pwani anajua kuwa maji matamu yale yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya jiwe. Ukichota kupita kiasi wakati wa ukame, kisima kinaanza kuonja chumvi. Yucatán ni vivyo hivyo: ukishuka kina cha kutosha unaliacha tabaka la maji matamu na kuingia bahari, wakati bado umo ndani ya pango katikati ya msitu. Sisi hatukufika huko. Njia yetu ilikuwa kina cha mita kumi hivi, jambo ambalo shemeji alikuwa akilidharau kwa sauti tangu asubuhi.

Maelezo ya kabla ya kuingia yalikuwa marefu kuliko yoyote niliyowahi kuyatoa mimi. Kijana mwenyewe alikuwa na mitungi miwili ya hewa, rigyuleta mbili (vifaa vya mdomoni vya kuvutia hewa), tochi tatu, kamba ya akiba kwenye gurudumu lake na kisu kidogo begani. Sisi tulikuwa watatu, na mtungi mmoja kila mtu: mimi, shemeji, na mama mmoja wa Kijerumani ambaye hakusema mengi. Kijana akanigeukia mimi, nadhani kwa kuwa aliambiwa kazi yangu.

"Baharini mgeni wako akipata shida, unafanya nini?"

"Nampandisha juu. Taratibu, lakini juu."

"Hapa hakuna juu."

Kisha akaeleza habari ya hewa. Sisi baharini tunaanza na bar 200, ndicho kipimo cha msukumo wa hewa mtungini, na mgeni tunamtaka awe juu ya maji akiwa amebakiwa na 50. Pangoni hewa inagawanywa mafungu matatu: moja la kuingilia, moja la kutokea, na la tatu haliguswi, ni la mwenzako siku mtungi wake utakapoleta matata. Kwa hiyo geji ya mtu yeyote kati yetu ikisoma 130 na kitu, wote tunageuka, hata kama mbele kuna dhahabu. Kamba iliyofungwa njia nzima haiachwi mbali ya macho. Kila mtu na tochi yake. Kanuni hizi hazikutungwa na mtu aliyekaa ofisini. Mmarekani mmoja, Sheck Exley, alizichambua ajali za mapangoni moja baada ya nyingine, akiuliza kila marehemu alikosea wapi, na kijitabu chake kilitoka mwaka 1979. Kijana alilitaja jina hilo kama sisi tunavyowataja manahodha wa zamani. Exley naye maji ndiyo yaliyomchukua, mwaka 1994, huko huko Mexico, katika shimo la Zacatón lenye kina cha zaidi ya mita 300.

Tukashuka ngazi za mbao. Maji yalikuwa nyuzi 25 au chini kidogo, baridi kwa mtu wa Nungwi, na jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa ulimi: hakuna chumvi. Nimekuwa nikionja chumvi kila nizamiapo tangu ujana, na kumbe ladha ile ndiyo ilikuwa ikiniambia niko kazini.

Kijana akatupanga. Yeye mbele, nyuma yake yule mama, kisha shemeji, mimi mwisho. Nikacheka moyoni. Mwisho humweka unayemwamini, na wa pili humweka anayekutia wasiwasi. Shemeji naye alikuwa na hakika kwamba amewekwa wa tatu kwa heshima.

Tulipoingia chini ya dari, maji yalitoweka. Sijui niseme vipi. Yalikuwa safi kiasi kwamba wale watatu mbele yangu walionekana wananing'inia hewani, na miale ya jua iliyopenya kwenye uwazi wa shimo ilisimama wima ya buluu, ikakatika ghafla pale kivuli kilipoanza. Juu yetu yalishuka mawe marefu yaliyochongoka, chini yakapanda mengine, mahali pengine yakakutana yakawa nguzo. Mawe ya namna hiyo hayaoti majini. Yanajengwa na tone moja moja la maji likidondoka ndani ya pango kavu. Zama za barafu bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa zaidi ya mita mia, na kumbi zile zote zilikuwa na hewa. Watu walitembea humo. Mwaka 2007, katika shimo liitwalo Hoyo Negro, ndani ya mtandao huo wa Sac Actun, wazamiaji walikuta mifupa ya msichana wa miaka 15 au 16 aliyeanguka humo miaka 12,000 au zaidi iliyopita, kati ya mifupa ya wanyama ambao duniani hawapo tena. Wataalamu wakampa jina Naia. Nilimkumbuka nilipoipita nguzo ya kwanza. Pengine yeye aliingia na mwenge, akitafuta kile kile alichokitafuta bibi yangu.

Lakini uzuri ule niliuona kwa vipande vipande, maana shingo yangu ilikuwa na kazi nyingine. Kila baada ya muda mfupi iliinuka yenyewe kuutafuta uso wa maji. Hiyo ni tabia ya mwili wa mtu wa bahari: unatazama chini, unatazama wenzako, unatazama juu, unaona ile dari ya fedha inayotikisika, unarudi kazini. Pale nikitazama juu nilikuta jiwe. Mapovu yetu yalikuwa yamekwama chini ya mwamba, yametandaa na kuteleza huku na huko kama zebaki iliyomwagika, yakitafuta ufa wa kutokea. Sikuogopa hasa. Ni kwamba kila nilipoukuta mwamba, kifua kilivuta hewa kubwa kuliko ilivyotakiwa, nami nikajua geji inalipa.

Nikaanza kumtazama kijana badala ya dari. Ndipo nilipoona jambo ambalo wageni wangu hawajapata kuniambia, pengine kwa kuwa hawakuliona: kiongozi hatazami mandhari. Hakuutazama ule ukumbi hata mara moja. Aliuchora mduara kwa tochi yake ukutani, maana yake mko salama? Nasi tukajibu miduara mitatu. Akaenda kidogo, akachora tena. Miguu yake ilikuwa imekunjwa magotini, mapezi juu, akipiga kwa kufungua na kufunga kama chura, na nyuma yake hakuamka hata unywele wa vumbi.

Nyuma ya shemeji hali ilikuwa nyingine. Alipiga miguu juu chini kama yuko kwenye mkondo wa bahari wa Mnemba kwetu, na tope laini likaanza kunyanyuka, nami niliyekuwa nyuma nikaanza kulila. Kijana hakugeuka. Nadhani aliona nuru ya tochi zetu inabadilika rangi ukutani. Akasimama, akarudi polepole hadi kwa shemeji, akamshika kisigino na kumkunjia mguu kwa upole, kama anavyowekwa sawa mtoto anayejifunza kusujudu, akampa ishara ya sawa kwa vidole, akarudi mbele. Hakuna aliyeaibishwa. Mimi wageni huwa nawagongea mtungi kwa chuma mpaka bahari nzima isikie.

Tulipita mdomo wa njia ya pembeni uliowekwa kibao chenye picha ya mauti na fyekeo lake, kikimwambia mzamiaji asiye na mafunzo ya mapango kwamba humo ndani hakuna kitu cha thamani ya uhai wake. Kijana alikimulika, akatupa nafasi ya kukisoma, akapita. Mbele zaidi, mahali pa kugeukia, kuna mwanasesere wa Barbie anayeliwa na mamba wa plastiki. Sijui nani alimweka, lakini ni maarufu mno kiasi kwamba njia ile inaitwa kwa jina lake. Baada ya nguzo za maelfu ya miaka, ule ulikuwa upuuzi mtupu, na nilicheka hadi maji yakaingia kwenye miwani.

Mchana tulizamia mara ya pili, kwa njia nyingine inayotokeza kwenye kijumba cha hewa kilichojaa popo. Tuliibuka humo gizani, tukavua rigyuleta, mizizi ya miti imeshuka kutoka dari mpaka majini. Harufu yake naiacha.

Jioni tulikula pamoja karibu na barabara kuu. Nilimwambia kijana aje Unguja, nimpeleke Mnemba, aone kasa na mkondo unaombeba mtu bila kupiga pezi. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Alizamia baharini mara moja huko Cozumel, akasema, na hakupenda: mkondo unakuchukua, chini huoni mwisho, na kamba hakuna. Alikuwa anasema kweli, uso ulikuwa umekunjamana.

Wakati wa kuagana nikachomoa dola nilizokuwa nimezitunza kwa zawadi za watoto, nikamtilia mkononi nyingi kuliko desturi. Shemeji aliziona.

"Shemeji, umekuwa Mzungu?"

"Nyamaza. Wewe hujui mtu huyu amekutazama mara ngapi leo."

"Na watoto?"

"Watoto utawanunulia wewe, hapo uwanja wa ndege."

Akanung'unika njia nzima hadi Cancún, lakini alinunua.