Kopo la maziwa

Mwaka 2014 nilikuwa na banda la chipsi Mbagala, na hesabu zangu zote zilikaa ndani ya kopo la maziwa. Kinachoingia humo, kinachotoka humo humo. Mwezi mmoja likajaa mpaka kifuniko kikagoma. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na redio kubwa ya spika mbili.

Jumapili jioni shangazi akapita. Aliuza samaki Feri, elimu yake darasa la saba, lakini kwenye hela humdanganyi. Aliisikia redio kabla hajaniona mimi.

"Umeinunua kwa hela ipi?"

"Faida, shangazi."

"Lete hilo kopo."

Akalimwaga kwenye meza ya kukatia kachumbari. Tukahesabu: 412,000. Kisha akaanza kuniuliza taratibu, kama mtu anayepara samaki. Viazi vimelipiwa? Magunia matatu, mali kauli, yaani nilipe nikishauza, 210,000. Akatenga fungu. Dumu la mafuta nilikopa dukani kwa Mangi, 58,000. Mkaa, 70,000. Kijana wa jikoni alikuwa anadai mwezi mzima, 80,000. Hapo kwenye fungu la kijana noti zikakata, zilipungua 6,000. Na kodi ya banda, 60,000, hatujaigusa.

"Haya ni mauzo, baba. Faida ni kinachobaki wenyewe wakishachukua chao. Redio hii umenunuliwa na mwenye viazi."

Nikajitetea kwamba na mimi nadai, maana bodaboda wa kijiweni walikula kwa mkopo. Wangapi? Kiasi gani? Madeni hayo nilikuwa nimeyaweka kichwani, na kichwa kikakumbuka wawili tu.

Halafu akauliza mshahara wangu mimi ni shilingi ngapi. Hilo liliniuma kuliko la viazi. Kila usiku nilikula chipsi mayai za banda, nachomoa elfu mbili ya vocha, elfu tano ya nauli, wala sikuwahi kuyaita matumizi. Akagonga karai kwa kijiko. "Na hili likitoboka, jingine utanunua kwa hela ipi?"

Redio niliiuza wiki ile ile, bei siitaji.

Jumapili ile ile, kabla hajaondoka, shangazi alimtuma mtoto daftari na peni, akaagiza chipsi kavu. Nikaikataa hela yake. Akaiweka mezani, 1,500.

"Andika kwanza, ndiyo unikaangie."

Daftari lile bado ninalo. Mstari wa kwanza unasomeka "shangazi, kavu 1", na pembeni kuna doa la mafuta ya kidole changu.