Vidole Vinavyohesabu Mizani

Leo nimelifungua tena daftari la mashairi, na vidole vikaanza kuhesabu kabla sijajua nataka kusema nini. Mizani (silabi) 8 ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, 8 utao, nusu ya pili, vina vya kati na vya mwisho. Wanaodai kwamba hesabu hukausha hisia, sijui wao hutungaje. Mimi neno zuri mara nyingi hunijia kwa kuwa lile la kwanza lilizidi silabi moja.

Hata hivyo, ile kauli kwamba "hisabati ni ushairi" hainikolei. Tamu masikioni, basi. Napenda zaidi mshairi anapouliza swali ambalo jibu lake ni hesabu tupu.

Wanazuoni wa arudhi (kanuni za utungaji wa mashairi) ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, waliuliza hivi: ikiwa silabi fupi ina uzito wa 1 na ndefu 2, mshororo wa uzito fulani hupangika kwa njia ngapi? Uzito wa 2, njia 2. Wa 3, njia 3. Wa 4, njia 5, kisha 8, kisha 13. Mshororo huishia ama kwa silabi fupi ama kwa ndefu, ndiyo maana kila idadi ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Hemachandra, mwanazuoni wa Kihindi, aliyaeleza haya katika karne ya 12, kabla Fibonacci, mwanahisabati wa Kiitaliano, hajaandika kitabu chake mwaka 1202, lakini jina lililovuma kwa mfuatano huu wa namba ni la huyu wa pili. (Dunia haina haya.) Katika mashairi yetu swali hilo halina pa kusimama: kila silabi ni mizani moja, fupi wala ndefu hakuna.

Jioni yote imeishia kwenye sestina, bahari (aina ya shairi) inayohusishwa na Arnaut Daniel, malenga wa karne hiyo hiyo ya 12 kusini mwa Ufaransa. Maneno sita yanayofunga mishororo ya ubeti wa kwanza hurudi katika kila ubeti, ila kwa mpangilio mpya, wa kuchukua la mwisho na la mwanzo kwa zamu hadi katikati: la 6, la 1, la 5, la 2, la 4, la 3. Ukifika ubeti wa sita, kila neno limeshakaa katika kila nafasi. Ungeirudia kanuni mara moja zaidi, ungejikuta ulipoanzia.

Je, ubeti wetu wa mishororo minne? La 4, la 1, la 3, la 2. Nikapanga, nikapanga tena. Neno la tatu haling'oki! Limeganda pale pale, wenzake watatu wanabadilishana nafasi. Kwa maneno matatu kanuni inakubali, kwa matano inakubali, kwa saba inagoma. Nimeshangaa jinsi sita ilivyokuwa chaguo la bahati, au la sikio kali.

Basi nitatunga ya matano. Manne ninayo: bahari, safari, hatari, habari. La tano bado nalitafuta, na "shairi" silitaki, limechoka.